Kiazi Si Habari

Miaka kumi na saba niliiandika Kutaisi:
bei ya jibini sokoni, meya kakata utepe,
mto Rioni umefurika, mto Rioni umepwa.
Jina langu lilikaa chini ya kichwa cha habari,
dogo, jeusi, kama mdudu aliyebanwa kitabuni:
Tsiuri Lomtadze, mwandishi wetu.
Wetu. Wa nani, sikuwahi kuuliza.

Nilifundishwa kujitoa.
Ukiingia kwa mfiwa vua viatu, vua na uso.
Uliza: nani, lini, wapi, wangapi.
Usilie. Machozi hulowanisha daftari.

Februari ile mgodi ulipoporomoka
nilipanda mlimani kwa gari la mikate,
mikate ikinipumulia mgongoni.
Nikamkuta Mzia jikoni. Mumewe bado yuko chini.
Hakutamka neno la kunukuliwa.
Alikuwa anamenya kiazi.
Akamaliza ganda, akaendelea,
akaumenya weupe wenyewe, ukanda baada ya ukanda,
hadi mkononi kikabaki kisu
na kitu kidogo kama jino la mtoto.
Kisha akachukua kingine.

Nikaandika hivyohivyo. Maneno mia mbili na kumi.
Bwana Gocha, mhariri, mtu mwema,
alipiga mstari mwekundu kona hadi kona:
"Kiazi si habari, Tsiuri. Wamekufa wangapi?"
Wanne.
Kesho yake gazeti likasema wanne,
keshokutwa likafungiwa jibini.

Sikuacha kazi siku ile. Msinivishe ushujaa.
Nilikaa miaka miwili mingine,
nikipiga simu polisi kila asubuhi saa tatu,
na usiku, bafuni, bomba nimelifungulia,
nikikariri maneno ya wanawake ambao hawakuzaliwa.
Nilidhani maji yatanisitiri.
Ukuta wetu ni wa enzi za Wasovieti,
hausitiri hata kikohozi.
"Arobaini na mmoja," mama akasema toka upande wa pili,
"wenzio wanaanza kupoteza meno, wewe unapoteza pensheni."

Barua ya kuacha kazi ilikuwa
habari fupi kuliko zote nilizowahi kuandika.
Gocha aliisoma mara mbili akitafuta kosa la tahajia.
"Unatoka kwenye ukweli," akasema, "unahamia kwenye uongo."
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na boksi,
kikombe kisicho na mkono, na kalamu zake tatu
nilizoziiba mbele ya macho yake.

Sasa mimi ni mtumishi katika nyumba ya tajiri,
mistari mitatu kwa saa mbili na nusu:
Chai tayari. Ndiyo, bibi. Hajarudi.
Nyuma ya pazia kuna baridi ya kugandisha mate.
Nukri, mwongozaji, ningeweza kuwa shangazi yake,
hunifokea mbele ya wote:
"Bado unawahoji kwa macho! Acha kuturipoti.
Kaa humu ndani pamoja nasi."
Kukaa ndani. Hilo tu. Na ni mlima.

Tendo la tatu, akasema, shika shughuli yoyote.
Nikaomba kiazi.

Usiku wa kwanza walikuwa watu sitini na wawili
(ndiyo, bado nahesabu).
Nikamenya ganda, nikaendelea.
Safu ya tatu mzee mmoja aliacha kutafuna mbegu za alizeti,
mkono ukamganda karibu na mdomo.
Nikachukua kingine.
"Hajarudi," nikasema,
na sauti haikuwa ile ya mazoezi,
wala sijui ilitoka wapi; sina chanzo cha kukitaja.

Ila sijalala vizuri tangu hapo.
Gazetini ningempigia Mzia simu kwanza, ndiyo kanuni.
Jukwaani hakuna aliyeniuliza
kisu kile ni cha nani.

Jumapili natafuta tena gari la mikate.
Sina daftari. Sijui nitaanzaje.
Nina tiketi moja, safu ya mwisho, kando ya mlango,
ili akitaka kutoka
asilazimike kumpita mtu.