Shavu la Mguu

Kalavati la Buguruni liliteleza kwenye kamba
likanishukia chini ya goti, nikiwa mtaroni, spana mkononi.
Muhimbili wakaniosha mara tatu.
Mara ya nne nikainua kichwa nione:
mfupa, mweupe, kama bomba la plastiki
lililofukuliwa na masika.

"Mfupa mtupu haushiki ngozi," akasema Daktari Kokusima.
"Tutaichukua nyama ya shavu la mguu, tuizungushe ije mbele."
Nikamuuliza swali la kazi yangu:
mkiikata, itakunywa wapi?

Akacheka. Akachora kwenye boksi la glavu.
Msuli unabanduliwa chini, karibu na kisigino,
unaachanishwa na mwenzake,
lakini juu, nyuma ya goti, hapaguswi:
hapo ndipo unapoingia mshipa wake wa damu.
"Huu ukijipinda tu, kazi yote imeoza."
Hapo, daktari, sihitaji mkalimani.
Mpira ukijikunja, hata Ruvu ifurike, ndoo haipati kitu.

Zamoyoni, mke wangu, alitia sahihi fomu bila maswali.
Alisema tu: "Ya nyuma inakuja kumsitiri wa mbele.
Mbona Tandika hatujaona."

Usiku nesi Tusekile alikuja kila saa na tochi.
Hakuniuliza hali mimi. Aliiuliza nyama,
kwenye kidirisha walichoacha katika bandeji.
Kidole: inapauka.
Achia. Moja, mbili,
wekundu umerudi.
Saa nane. Saa tisa. Umeme ukakatika, jenereta likakohoa,
kidole kikaja vilevile gizani, kikapima joto.
Miaka kumi na moja nimesoma mita za watu;
usiku ule nililala nikisomwa.

Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Huenda. Lakini fundi wake anaogopa kona zilezile.

Sasa ni Desemba. Shavu limebaki nusu,
suruali inapwaya upande mmoja,
na chini ya goti nina kinundu
chenye ngozi ya paja, ya matundumatundu kama chujio,
ambacho wanangu wanakiita mpangaji.
Jana nilisimama kwa vidole nifikie koki ya tangi
kikajikaza.
Hakuna aliyekiambia kimehama.
Kinadhani bado kiko nyuma,
kinanisukuma nipande.