Bei ya Kwetu

Lori la Alhamisi halijafika.
Fomu yangu ya forodha ina kosa:
nimeandika "nyama" pasipotakiwa nyama,
basi boksi sita za soseji zimelala kizuizini
kama wahalifu.

Nafungua hivyo hivyo. Albox inaungua.
Mbwa wa Encarnación amejinyoosha mlangoni
panapopita ubaridi wa friji.
Napanga kilichobaki: maharage ya kopo,
unga wa kastadi, siki ya kahawia,
biskuti za tangawizi zilizovunjikia njiani
(hizo ni nusu bei, awahiye ndiye).

Bwana Thackray aligeuza kopo, akasoma kibandiko,
miwani imepanda kiparani.
"Yuro tatu, Glenys! Kwetu hii ni peni themanini."
"Kwetu wapi, Desmond?"

Nilitania tu.
Mwaka wa kumi na tisa huu yuko hapa,
nyumba ya Leeds aliiuza na mapazia yake.

Friji ikanguruma, ikanyamaza.
Akaweka makopo mawili mezani,
akahesabu sarafu moja moja,
akaongeza pakiti ya chai,
ile ya bei ghali,
akatoka bila kusubiri chenji.

Jioni nilifunga hesabu: faida yuro kumi na nne,
na senti zake nimeziweka kando kwenye kikombe.
Nikavuka barabara kwa Encarnación,
akanimiminia kahawa pasipo kuniuliza.
Chai? Mimi? Niliiacha zamani.

Mganga hajigangi.
Ila mfukoni mwa aproni
nilikuwa na kipande cha biskuti,
nikakichovya
alipogeuka kuzima jiko.