Usiku wa Nne, Mudhairibi

Nungu amekula mihogo ya marehemu mama.
Matikiti hakuyagusa, wala majani ya mbuzi.
Kapita chini ya mitende ya khalasi, karuka mfereji wa falaji,
akaenda moja kwa moja penye mashina kumi na saba
yaliyotokana na vijiti alivyovileta mama kutoka Unguja,
vimefungwa kanga ndani ya begi;
na askari wa uwanja wa ndege alipouliza, "Hizi kuni?"
mama akamjibu, "Dawa ya mgongo, mwanangu."

Yamebaki mashina manne.

Mundhiri, ndugu yangu, alipiga simu kutoka Maskati:
"Tia sumu, Zuwena."
Sumu haichagui, nikamwambia.
Akaja na bunduki ya babu, iliyozoea kulia harusini,
risasi nne ndani ya kopo la maziwa.
Akanionyesha pa kuibana begani,
akarudi mjini kabla ya magharibi.

Usiku wa kwanza nilisinzia.
Wa pili ulikuwa wa zamu yetu ya maji:
Rafikuli alizibua mfereji saa nane,
udongo ukanywa kwa sauti,
na nungu, mwenye akili zake, hakuja.
Wa tatu alikuja paka.

Mwembamba kama ufagio wa chelewa,
sikio la kushoto nusu,
rangi yake vumbi la barabara ya Sinawi.
Akakaa mbali, akanitazama kama anayenidai.
Nikamwita kwa Kiarabu. Hata sharubu hazikutikisika.
Rafikuli akamwita kwa Kibangla. Akapiga mwayo.
Nikasema tu, kwa uchovu, bila kumkusudia,
"Haya baba, kama huji usije."

Akaja.

Msicheke. Tangu mama aondoke
Kiswahili changu kimekaa kinywani kama jino la mwisho:
hakitafuni kitu, lakini nakiogopea kung'oka.
Wanangu hunijibu kwa Kiarabu, wajukuu kwa Kiingereza.
Sasa namweleza paka bei ya dagaa,
magomvi ya zamu, na namna mama
alivyokuwa akilikosea makusudi jina la mke wa Mundhiri.
Anasikiliza huku anakula kiganjani mwangu,
ulimi wake msasa.
Nimemwita Nusu.

Usiku wa nne mwezi ulichelewa.
Nusu kalala mapajani, kailalia bunduki,
kidevu juu ya kitako chake.
Nikasikia. Kwanza kucha.
Halafu miiba ikisuguana, kachakacha,
kama bangili za mtu mzima aliyechelewa shughulini.
Nungu. Na nyuma yake mtoto,
hajazidi sufuria ya wali wa watu wawili.

Siwezi kuinua bunduki bila kumwamsha mgeni.
Nilipima, wallahi nilipima:
mashina manne kwa usingizi mmoja.
Nikaamua kuinua.

Nusu akafumbua jicho, akawaona,
akaruka chini, nywele wima, mgongo upinde.
Nungu naye akafura.
Wakatazamana, miiba kwa manyoya,
kila mmoja kama kamwona ndugu yake
aliyepotelea ughaibuni, na hajui amkumbatie au amdai.

Nikacheka. Kicheko cha mama, kile cha kupiga paja.
Nungu akanigeuzia matako,
akaondoka na mwanawe kupitia tundu la ukuta wa udongo,
bila haraka, kama mwenye hati ya shamba.

Asubuhi simu ikalia.
"Umempata?"
"Sijampata."
"Umemkosa?"
"Wala sijamkosa."
Mundhiri akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili,
jambo asilolifanya tangu siku ya matanga:
"Lakini umelala, dada?"

Nimekata vijiti vitano kutoka mashina yaliyosalia,
nimevipanda karibu na jiko, nikazungushia waya wa kuku.
Kufika adhuhuri Nusu keshapenya,
kakifukua kimoja kwa haja zake.
Nimemtukana kwa lugha ya mama.
Kaelewa.