Mfalme Mizanini

Bi Mize katoka Ole, na fundo la kitambaa,
Wete kwangu, polepole, kafungua, ikang'aa:
"Fedha ya babu wa kale, sandukuni ilikaa,
Yeyusha ipate faa, iwe mkufu shingoni.

Time wangu aolewa, mwezi huu wa Shawali,
Siku zishahesabiwa, sina vito wala mali."
Nikaisugua sawa, kwa ndimu na jivu kali,
Akachomoza wa mbali: mtu yumo sarafuni!

Ana taji lenye meno, nyota ipo katikati,
Tai wawili, mfano wa mabawabu thabiti.
Siyafahamu maneno, si za Kiarabu hati,
Nikamwita; kwa bahati Faki yuko mtaani.

Faki fundi wa umeme, Armenia kasomea,
Hana siku asiseme theluji alozoea.
Kaitwaa atazame, macho yakamtokea,
Kama ndugu kamwendea: "Tigirani! Tigirani!

Alianza Eruvandi, ukoo wake ukafa,
Aritashesi, mshindi, kagawa nchi kwa safa.
Mawe, kazi ya mafundi, yaandikwe jina, sifa,
Mpaka usiwe ufa baina ya majirani."

Bi Mize kacheka: "Kwetu mikarafuu mipaka,
Na kaka zangu watatu kila mwaka wanavuka.
Angekuwa mtu wetu, shamba langu ningeshika.
Endelea, sijachoka, mrithi wake ni nani?"

"Mjukuu, huyo hapa, rehani aliyewekwa,
Bonde sabini kalipa, ndipo taji akavikwa.
Wafaume wakitapa, kwa mbio wakipelekwa,
Vumbi usoni wapakwa, yeye yuko farasini.

Warumi wakamjia, mzee kapiga goti,
Taji kalivua pia, apate bakishwa kiti.
Mwana akafuatia, mtunzi, mtu wa hati,
Akatiwa kwa sharuti minyororo miguuni.

Chuma kikawa aibu kumvisha mwenye enzi,
Mafundi kwa taratibu wakasana, si kwa penzi,
Fedha tupu, ya ajabu, pete pete kama tanzi."
Nikawafikiri wenzi, masonara wa zamani.

Walilipwa? Walikula? Mkono ulitetema?
Moto wangu ukalala, mvukuto umegoma.
Bi Mize kanena: "Wala usimwonee huruma,
Katawala nchi nzima, sasa aje harusini."

Kitangani kamlaza: tola moja na thuluthi.
Mabonde aliyouza, taji lake na urithi,
Na mwana alomliza, na Faki yake hadithi,
Warithi na wasorithi, wote wamo mizanini.

Motoni, taji likenda, tai wote wakaruka,
Nyota ndo iliyoganda, mwishowe ikayeyuka.
Pete mia nikaunda, moja moja kuzishika,
Moja wazi nikaweka, mwana atoke pinguni.