Kifungu cha Mnyama

Zamani niliingia mahakamani kama mchinjaji,
kisu nimekinoa usiku, joho jeusi likiwa aproni.
Walinilipa kwa saa, na saa nilijua kuzirefusha.
Katika faili la bluu nilipanga kila kitu:
risiti za mvinyo, ujumbe wa saa nane za usiku,
jirani aliyesikia mlango ukibamizwa.
Leeuwarden nzima ilijua:
ukitaka mwenzio abaki na soksi tu,
mwone Hiske Wiersma.

Watoto walikuwa aya ya nne,
baada ya nyumba na gari,
kabla ya trela la kupigia kambi.

Kamba hukatikia pembamba.
Sikupaona. Nilikuwa nikivuta.

Kisha siku moja, ukumbini, nimeshinda,
mteja wangu yuko chooni akilia ushindi wake,
mvulana mwenye viatu vya barafu shingoni
akanishika mkono wa joho.
Jelmer. Miaka saba.
“Na sungura?” akauliza.

Nilipekua kurasa arobaini na moja, nimesimama.
Trela lilikuwemo. Hata vijiko vya bibi vilikuwemo.

Siku hizi nina meza ya duara
na birika la kahawa lisilokauka.
Wanakuja wawili, nakaa katikati,
wakili wa wote, yaani si wa yeyote.
Tunapaka kalenda rangi:
kijani kwa mama, machungwa kwa baba,
Jumatano shule hufungwa mchana, nani atampokea?
Mguu ukikua, nani atanunua viatu vya barafu?
Vijana wa ofisini wanacheka kichinichini,
wanasema mama amekuwa mwalimu wa chekechea.

Froukje, miaka tisa, niliongea naye peke yake.
Hakutaja mapenzi. Hakutaja kosa la mtu.
“Sitaki kubeba begi,” alisema.
“Nataka miswaki miwili.”
Nikaandika, kifungu cha tatu: miswaki miwili.
Hakimu aliusoma mstari huo mara mbili,
kisha akavua miwani.

Lakini sitawadanganya.
Kuna anayekuja na miwani ya jua mwezi wa Januari,
akaketi kwenye kiti kinachotazama mlango.
Huyo simwekei meza ya duara.
Kwake nafungua droo ya chini,
na kisu, nashangaa, bado kinakata.

Leo ni Sjoerd na Tjitske. Mvua inapiga kioo.
Wamekubaliana kuhusu nyumba, pensheni, Krismasi,
wamechoka, wanatafuta makoti.
Nawaambia: bado moja.
Kuna mnyama nyumbani?

Wananitazama kama niliyepungukiwa.
Wanatazamana, mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Samaki,” anasema Sjoerd.
“Mmoja tu.”
“Anaitwa Bauke,” anasema Tjitske. “Ni mzee sana.”

Nafungua kalamu.