Swali la Kumi na Saba

Mwalimu, umeniuliza kwa nini dodoso langu
lina doa la kahawa ukurasa wa nne,
na kwa nini swali la kumi na saba
limekatwa kwa mwandiko usio wangu.

Nilishuka basi saa tatu asubuhi, Februari,
kusini ya Võru, ambako kituo ni kibanda cha mbao
na ratiba iliyofutwa na mvua za miaka.
Theluji ilinifika magotini.
Mkobani nilibeba fomu za ridhaa, nakala mbili mbili,
kalamu ya akiba, na biskuti za tangawizi,
maana mkono mtupu haulambwi, hata kwa utafiti.

Bibi Helju Kangro, miaka themanini na tisa,
alifungua mlango kabla sijabisha.
"Umechelewa," akasema. "Nimekuona tangu darajani.
Huku mtu akija, tunamtazama mpaka afike."

Nikaanza kama ulivyotufunza:
sauti ya kawaida, macho kwa macho.
Wiki iliyopita, ni mara ngapi ulijihisi mpweke?
Kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara?
Akanitazama kama mtu atazamaye
mizani ya duka anayojua inapunja.

"Upweke upi?
Upo wa jioni, wa kuosha kikombe kimoja.
Upo wa Alhamisi, gari la duka linapopita bila kusimama
kwa kuwa dereva ni mpya na nyumba yangu haijui.
Na upo wa alfajiri, kabla sijawasha redio.
Huo naupenda, usiuguse.
Haya, niambie niweke alama wapi."

Nilitafuta kisanduku, Mwalimu.
Niligeuza karatasi, nikaigeuza tena.

Miaka thelathini na moja alikuwa karani
wa kiwanda cha maziwa. Alipokea ndoo za wilaya nzima,
akaandika lita, akatia sahihi.
"Najua tarakimu," akasema,
"na najua mtu hutia maji lini."

Ndipo tukafika la kumi na saba:
Je, unahisi kuwa wewe ni mzigo kwa wengine?
Hakujibu. Alinyoosha mkono kuchukua kalamu,
kiwiko kikagonga kikombe, kahawa ikatambaa
hadi kwenye jina la chuo chetu.
Hatukuifuta. Alikata mstari, mmoja, ulionyooka kama wa rula,
akaandika chini yake, kwa herufi za karani:
Nani anakuhitaji, na kwa nini?

Kisha akavaa koti, akaniambia nimfuate.
Ng'ambo ya shamba anaishi Endel, asiyeona tena.
Kila mwezi Bibi Helju humsomea bili ya umeme,
na Endel huguna, na Bibi husoma upya,
polepole, mpaka kiasi kinachodaiwa kiwe kimetukanwa vya kutosha.
Niliwasikiliza nikiwa nimesimama mlangoni,
theluji ikiyeyuka ndani ya viatu vyangu.
Hilo nalo sikuwa na kisanduku chake.

Kuuliza si ujinga, tunasema.
Lakini upo ujinga unaovaa suti ya swali,
unabisha hodi kwa adabu,
na tayari umeshajijibu.

Kwa hiyo naomba, Mwalimu, usiniambie nilichapishe upya.
Watu arobaini na wawili wamebaki kwenye orodha yangu
na sitaki kuwapelekea dodoso lililo safi.
Naomba pia jina lake litoke kwenye safu ya wahojiwa
lihamie juu, tulipo sisi tunaouliza.

Amekubali kuja kufundisha, Aprili, barabara zikikauka.
Masharti yake ni mawili: nauli ya basi, kwenda na kurudi,
na kiti chenye mikono, cha kushikilia mtu anapoinuka.

Nauli nitaitafuta.
Viti nimevikagua, darasa baada ya darasa,
ghorofa zote tatu za jengo tunamosomea uzee.
Hakuna hata kimoja.