Sababu za Kurudi

Kazi yangu kujaza fomu.
Kibanda kiko nyuma ya posta ya Malindi,
kompyuta mbili, moja huzimika ikipenda,
na printa ambayo bila kofi haitoi ukurasa.

Bi Mwanakheri kaja na mfuko wa plastiki,
ndani mfuko mwingine, ndani bahasha,
ndani ya bahasha pasipoti, ingali yanuka gundi.
Miezi saba aliingoja.
Walimtaka cheti cha kuzaliwa cha babake;
akawaambia baba alizaliwa mwaka wa nzige,
na nzige hawakubakisha jani, seuze karatasi.

Sasa anataka Bergamo.
Zulfa amejifungua huko, mtoto wa kiume,
na hakuna wa kumkanda.
Arubaini imeanza kuhesabika.
Miadi ya karibu ya vidole, Nairobi,
ni siku ya thelathini na moja.

"Madhumuni ya safari?"
"Kukanda mzazi."
Orodha haina kukanda.
Ina utalii, biashara, masomo, michezo, matibabu.
Nabonyeza kutembelea jamaa,
naye anaitazama ile tiki
kama mtu aliyepunjwa sukari dukani.

Nami nimejifunza, kwa hasara za watu:
kwenye picha uso wote uonekane, usicheke.
Usiazime pesa za kuweka benki.
Kalume wa Muyeye aliazima laki mbili za siku tatu,
wakamjibu kwa mstari mmoja.
Pesa iliyoingia jana hujulikana,
hukaa kwenye akaunti kama mgeni
asiyejua pa kuvulia viatu.
Na ada hairudishwi, wameandika kwa wino mzito.
Mtu ndiye lazima arudi. Pesa, hapana.

Hapo ndipo tulipokwama.
Thibitisha kwamba utarudi.

"Nirudi wapi? Kwangu?"
"Ndiyo."
"Hilo nalo huulizwa?"

Tukaanza kutafuta.
Nyumba ya Shela: hati ina jina la marehemu, warithi tisa.
Kaburi la mume: hatukuona pa kuliambatisha.
Wateja wa mahamri, madeni yao kayaandika ukutani kwa mkaa.
Mbuzi mwenye mimba.
Kisha akakumbuka, akapiga paja:
"Upatu! Novemba zamu yangu.
Watu kumi na wanane. Hebu waulize,
nani kichaa wa kukimbia upatu wake?"

Sikujua upatu waitwaje Kiitaliano.
Nikamwuliza Ettore, aliyekuwa akingoja risiti yake ya maji.
Ettore alikuja kwa wiki mbili, mwaka wa tisini na moja.
Kigiriama chake kinanishinda mimi.
Nikamsomea swali zima.
Akakuna kidevu, akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Mimi," akasema, "hilo sikuulizwa."
Akatia saini barua kwamba anamjua miaka ishirini,
akaondoka, risiti kaisahau mezani.

Kule Nairobi mashine ilikataa vidole vyake.
Mara tatu.
Mbuzi ya nazi na karai ya mafuta
vimekula mistari yote.
Karani akampa kitambaa chenye maji,
akidhani ni uchafu.

Leo siku ya thelathini na tisa.
Ukurasa unasema ombi linashughulikiwa.
Jana ulisema hivyo, na juzi.
Bi Mwanakheri hakuuliza.
Aliniomba ile kompyuta nzima,
akatoa leso, akaifunga pakiti ya unga ya kilo mbili,
akaiinua mbele ya kamera:
"Shingo hapa, Zulfa. Hapa. Maji yasiingie sikioni.
Haya, mgeuze."
Unga ukawa unavuja kidogo kidogo juu ya kibodi.

Nilikuwa nimesema dakika kumi.
Ilipotimia saa nzima nikaenda kusimama mlangoni,
nikawaambia waliopanga foleni
mtandao umekatika.